Waimbaji Wanne, Nyimbo za Wengine: Jibu Kuhusu Albamu ya Fancy Free

Msomaji mmoja wa Eldoret ameniandikia hivi:

"Mwalimu, natumai u mzima. Marehemu baba alituachia santuri kadhaa za kantri, mojawapo ikiwa Fancy Free ya The Oak Ridge Boys. Mimi na wenzangu watatu huimba kanisani, wanaume wanne, na tumeisikiliza mpaka tumeikariri. Mambo mawili yananisumbua. Kwanza, nikisoma majina naona nyimbo zinazojulikana zimetungwa na watu wengine, na vyombo vimepigwa na wengine. Hawa wanne kazi yao ilikuwa ipi hadi albamu ikaitwa yao? Pili, sisi tukijaribu kuimba vile, kila mtu anaimba vizuri, lakini tukiwa pamoja hatutoki kama wao. Tunakosea wapi? Halafu kuna rafiki anayeniambia santuri hii ni mali, niiuze. Ni kweli?"

Ndugu yangu, maswali yako mawili ya kwanza yana jibu moja, kwa hiyo nitayachukua pamoja. La bei nitalifikia mwisho. Kazi ya wale wanne ilikuwa kugawa wimbo. Waliamua wimbo upi uingie, mstari upi uende kwenye koo la nani, nani apande juu yake, nani ajaze pengo, na ni wapi wote wanyamaze wamwachie mmoja. Likisemwa haraka hivyo linasikika jambo dogo. Ila ndilo lililouchukua wimbo uliokuwa ukipita mikononi mwa waimbaji tangu 1966 bila kufika mbali, likaufanya kuwa mkubwa kuliko wimbo mwingine wowote waliowahi kurekodi.

Tuanze na majina, maana usipoyajua hutajua unamsikia nani. Fancy Free ilitoka mwaka 1981 chini ya lebo ya MCA. Teno, sauti ya juu kabisa, ni Joe Bonsall. Sauti ya kiongozi ni Duane Allen. Baritoni ni William Lee Golden, yule wa ndevu za nabii. Besi, sauti ya chini kabisa, ni Richard Sterban. Golden alijiunga 1965, Allen 1966, Sterban 1972, Bonsall 1973. Golden ni mtu wa Alabama, Allen ni wa Texas na alisomea muziki chuoni. Wale wawili wa mwisho ni watu wa kaskazini: Bonsall wa Philadelphia, Sterban wa Camden, New Jersey, ng'ambo tu ya mto, na walikuwa wamewahi kuimba pamoja katika Keystone Quartet. Hilo la kusini na kaskazini uliweke akilini, nitakuja kulihitaji.

Kundi lenyewe lina umri mrefu kuliko wao. Lilianzia kwa waimbaji wa Wally Fowler huko Tennessee, miaka ya Vita Kuu ya Pili, waliokuwa wakienda kutumbuiza Oak Ridge, mji ambao jeshi la Marekani liliujenga kwa siri kuanzia 1942 kwa ajili ya urani ya bomu la atomiki. Mji ulikuwa ndani ya uzio na watu hawakutoka ovyo, hivyo burudani ikawa inawafuata humo humo. Jina likatokana na hapo. (Sehemu kubwa ya madini ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya migodini. Kwa hiyo nyuma ya jina hili la Tennessee kuna jasho la wasemaji wenzetu, ingawa hakuna jalada la santuri litakalokuambia hivyo.)

Kwa miongo kadhaa waliimba Injili tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na tuzo za kutosha, lakini walikuwa wameanza kufuga nywele na kuweka ngoma nyuma ya kwarteti, yaani kundi la sauti nne, na washiriki wengi wa kanisa hawakupenda. Walipojaribu kuhamia kantri kupitia kampuni ya kurekodi ya Columbia mambo hayakwenda. Ilifika mahali kundi likawa karibu kuvunjika. Johnny Cash ndiye aliyewachukua wakaimbe naye Las Vegas na kuwasihi wasiachane. Mwaka 1976 walizunguka Umoja wa Kisovieti pamoja na Roy Clark. Mwaka uliofuata wakaingia lebo ya ABC/Dot, wakakutana na prodyuza Ron Chancey, wakatoa Y'all Come Back Saloon, na mlango ukafunguka. Mwaka huo huo Paul Simon aliwatumia kama sauti za nyuma katika Slip Slidin' Away. Mwaka 1978 chama cha muziki wa kantri cha Marekani, CMA, kiliwapa tuzo ya kundi bora la sauti, tuzo ambayo The Statler Brothers walikuwa wameishikilia miaka sita mfululizo. Basi ilipofika 1981 hawakuwa wageni. Walikuwa waimbaji wa kanisani waliokuwa wamejifunza kuishi sokoni.

Sasa tuje kwenye hilo la vyombo na watunzi.

Nashville wana mgawanyo wa kazi ambao kwetu unaweza kuonekana kama ujanja. Mtunzi hutunga. Kampuni yenye haki za nyimbo humtafutia mwimbaji. Prodyuza na waimbaji husikiliza mamia ya nyimbo za majaribio na kuzitupa karibu zote. Wapigaji wa studio huitwa kwa vipindi vya muda wa saa tatu, na ndani ya kipindi kimoja wanaweza kumaliza nyimbo tatu au nne, kwa sababu hawasomi nota: wanasoma karatasi yenye namba. Mpango huo wa namba ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews wa The Jordanaires, kundi la sauti lililoimba nyuma ya Elvis Presley, kisha Charlie McCoy akaueneza kwa wapigaji. Wewe uliyelelewa na kwaya utauelewa mara moja, maana ni solfa kwa tarakimu. Kodi ya do, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja juu ya do, inaandikwa 1, ya fa inaandikwa 4, ya so inaandikwa 5. Ukitaka kuhamisha wimbo wote chini au juu, namba zinabaki zile zile, mnabadilisha do tu.

Angalia ni nani aliyeubuni. Mwimbaji wa kundi la sauti. Na si ajabu, kwa kuwa anayeteseka na ufunguo wa wimbo kuliko wote ni kundi la sauti. Mwimbaji mmoja akiona wimbo uko juu anashusha, basi. Watu wanne wakishusha kwa ajili ya teno, besi anazama. Wakipandisha kwa ajili ya besi, teno anapiga kelele. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba, pengine nusu hatua au hatua moja nzima, na lazima ipatikane kabla gita halijapigwa. Ndiyo maana wale wapigaji wa studio, pamoja na ustadi wao wote, walikuwa wakipiga ndani ya chumba ambacho vipimo vyake vilitolewa na makoo manne. Katika ziara kundi lilikuwa na bendi yake lenyewe.

Kuhusu watunzi, usidhani walikuwa wakipokea chochote kinacholetwa. The Oak Ridge Boys walikuwa na kampuni yao ya haki za nyimbo, na mmoja wa waliokuwa wakiiandikia alikuwa Jimbeau Hinson. Huyo, pamoja na Roy August, ndio waliotunga wimbo wa Fancy Free uliobeba jina la albamu. Kwa hiyo wimbo huo ulitoka nyumbani.

Elvira ulitoka mbali zaidi. Ulitungwa na Dallas Frazier, ambaye aliurekodi mwenyewe mwaka 1966. Elvira si mwanamke. Ni jina la mtaa aliloliona kwenye kibao akipita mashariki mwa Nashville, mapenzi akayaongeza mwenyewe. Frazier hakuwa mtunzi wa mzaha tu. Ndiye pia aliyetunga There Goes My Everything, ule ambao Jack Greene aliufikisha kileleni mwa kantri na Engelbert Humperdinck akaupeleka duniani. Mzee wako, kama alikuwa mtu wa redio, sina shaka aliujua. Elvira ulijaribiwa na Kenny Rogers akiwa na kundi la First Edition mwaka 1970, na Rodney Crowell mwaka 1978. Hao si watu wadogo. Haukupaa. Baadaye mtu mmoja wa kampuni ya haki za nyimbo aliusikia ukipigwa na bendi ya baa huko Texas, akaona watu walivyosimama, akamkumbusha Ron Chancey.

Sasa weka santuri, weka sindano mwanzo wa Elvira, na usikilize kwa sikio la fundi.

Beti zimepewa Bonsall. Huo ni uamuzi wa kwanza na ndio mkubwa, maana kiongozi wa kawaida wa kundi ni Allen. Allen ana sauti nzito ya heshima, sauti ya mtu anayeaminika. Angeziimba beti zile, wimbo ungeonekana unajichukulia kwa uzito na ungeanguka pale pale. Bonsall ana sauti kali, yenye kucheka, inayokimbia. Anakuingiza kwenye mchezo kabla hujauliza wimbo unasema nini. Kisha wote wanne wanakutana kwenye jina lenyewe, wanalivuta, sauti zimebanana kama vidole vya mkono mmoja. Halafu watatu wanajiondoa na Sterban anashuka peke yake, chini kabisa, na zile silabi za kuchezea, "oom papa mow mow," ambazo asili yake ni wimbo wa The Rivingtons wa mwaka 1962.

Silabi hizo zilikuwemo tangu zamani. Frazier mwenyewe aliziweka. Ila mwimbaji mmoja akizisema, ni kichekesho kinachopita. Zikitoka kwa besi wa kwarteti ni tukio: ndani ya sekunde chache umesikia kimo chote cha kundi, kutoka juu ya dari hadi chini ya sakafu. Na hili wale wanne hawakulivumbua kwa ajili ya albamu. Kwarteti za Injili za kusini mwa Marekani zimekuwa zikiinua watu vitini kwa mshuko wa besi tangu kabla Sterban hajazaliwa. Yeye mwenyewe alitoka katika kundi la J.D. Sumner, Stamps Quartet, lililoimba nyuma ya Elvis, na Sumner alisifika kwa sauti za chini zilizotikisa meza. Sterban alimwacha Elvis mwaka 1972 ili aingie Oak Ridge Boys, jambo ambalo wakati ule lilionekana wazimu.

Ndiyo sababu nasema Elvira, kama wimbo, si mkubwa. Mashairi yake hayana kina chochote, na sidhani Frazier angebishana nami. Ukubwa wake uko katika mgao. Ulifika namba 1 kwenye chati ya kantri na namba 5 kwenye chati ya jumla ya Marekani, jambo lisilo la kawaida kwa kwarteti yenye asili ya kanisani. Ukapata tuzo ya CMA ya wimbo mmoja bora wa mwaka 1981, na mwaka 1982 Grammy ya kundi la kantri. Albamu nayo ikashika kilele cha albamu za kantri na kufikia daraja la platinamu.

Wimbo wa Fancy Free ni kinyume chake, na nadhani huo ndio mtihani wa kweli kwa kundi lako. Hapa Allen ndiye anayeongoza, wimbo wa kuachana, wa taratibu, na wale watatu karibu huwasikii. Wako pale, lakini wanaingia chini ya mwisho wa sentensi, wanabeba neno moja au mawili, wanatoka. Besi hana mshuko wowote wa kujionyesha. Nao ulifika namba 1. Kundi lisilojiamini lingeweka sauti nne kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na hicho ndicho kinachofanywa na kwarteti nyingi za kwetu ninazoalikwa kuzisikiliza: wote, wakati wote, kwa nguvu zote.

Sitakudanganya kwamba albamu nzima iko hivyo. Kuna nyimbo mle za kujaza nafasi, zilizopakwa ule ulaini wa Nashville ya 1981, na nikizisikia leo naona mwaka tu, sioni kitu kingine. Zipite.

Sasa tuje kwenu wanne. Umesema kila mtu anaimba vizuri. Nakisia mlichofanya: mmechukua sauti nne za kwaya kama mlivyozoea na kuwapa wanaume. Mkiimba Tenzi za Rohoni kwa sauti nne, wimbo wenyewe uko juu kabisa, kwa akina mama wa sauti ya kwanza, na wengine wote wako chini yake. Kwarteti ya kiume ya akina Oak Ridge haikujengwa hivyo. Wimbo uko kwa kiongozi, ambaye ni sauti ya pili kutoka juu. Teno yuko juu yake. Baritoni yuko chini yake. Besi yuko sakafuni. Sikio la msikilizaji linafuata wimbo uliozungukwa pande zote, na huo mzunguko ndio unaousikia kwenye santuri ukashindwa kuutaja.

Nikupe mfano wa solfa. Mko kwenye kodi ya do, yaani do, mi, so. Kiongozi akiwa kwenye mi, teno anachukua so iliyo juu yake, baritoni anachukua do iliyo chini yake, besi do ya chini zaidi. Kiongozi akipanda hadi so, teno anapanda do ya juu, baritoni anakwenda mi, besi habanduki. Kiongozi akifika do ya juu, teno anachukua mi iliyo juu yake, baritoni so. Sasa kodi ikihamia so, na kiongozi yuko re, teno anaweza kuchukua fa, baritoni anashuka ti, besi so. Utaona teno anasogea sambamba na kiongozi, besi anaruka misingi, na baritoni anapewa mabaki: ile noti ambayo hakuna mwingine aliyeichukua. Laini yake ikiimbwa peke yake haina ladha. Hakuna mtu anayetembea barabarani akipiga mluzi laini ya baritoni.

Lakini mwondoe uone. Mwaka 1987 kundi lilimtoa Golden, nafasi yake akapewa Steve Sanders, mpiga gita wa bendi yao. Sanders alikuwa mwimbaji mzuri sana, pengine mwenye hisia kuliko Golden akiwa peke yake. Hata hivyo, mtu aliyezoea Fancy Free akisikiliza santuri za miaka ile anajua baada ya mistari miwili kwamba nyumba imebadilishwa milango. Sanders aliondoka 1995 na Golden akarudi mwanzoni mwa 1996. Kwa hiyo nakushauri: katika kundi lenu, mtu mwenye sikio kali kuliko wote awe baritoni, hata kama sauti yake ni ya kawaida. Vijana wengi hufanya kinyume, wanamtupa pale aliyeshindwa kwingine.

Jambo la pili ni irabu, na hapa ndipo kaskazini na kusini vinaponihusu. Mtu wa Alabama na mtu wa Philadelphia hawatamki Kiingereza kimoja. Wa kusini huvuta irabu na kuipinda katikati, wa kaskazini huikata. Sauti mbili zikiwa sahihi kabisa kwenye noti lakini midomo ikiwa na maumbo tofauti, hazichanganyiki. Msikilizaji atasema mmoja yuko nje ya tyuni, na hakuna aliye nje. Lazima wakubaliane irabu moja na wote waende nayo. Sikiliza wanavyolishika jina Elvira wakiwa wanne: ile i ya katikati na a ya mwisho ni za mtu mmoja mwenye makoo manne.

Ninyi mna bahati. Kiswahili kina irabu tano na hazipindi. Mkiimba kwa Kiswahili, nusu ya kazi yao mmeikuta imeshafanywa. Lakini nina shaka mnaimba santuri ile kwa Kiingereza, na kila mmoja wenu ana Kiingereza cha mwalimu wake wa shule ya msingi. Chukueni kwanza wimbo mmoja wa Kiswahili mnaoujua usingizini. Imbeni irabu tupu, bila konsonanti, polepole, mkitazamana midomo. Mmoja akifungua a kwa upana na mwingine akiifinya, mtaisikia papo hapo. Baada ya hapo rudisheni konsonanti, na mkubaliane kwamba konsonanti kali mwanzoni mwa sentensi zinatamkwa kwa nguvu na kiongozi peke yake. Watu wanne wakipiga t au k kwa pamoja bila kukutana barabara, inatoka kama mvua ya mawe kwenye mabati.

La tatu ni nguvu. Kiongozi awe juu kidogo ya wote. Teno, ambaye kwa maumbile ya sauti za juu anasikika hata akinong'ona, arudi nyuma. Hii ndiyo adhabu ya kuwa teno, na Bonsall aliijua, ndiyo maana akipewa beti anafunguka na akirudi kwenye kiitikio anajikunja. Besi asishindane. Besi wa kwetu wana tabia ya kusukuma ili wasikike wako chini, na sauti inayosukumwa hupanda. Mshuko wa Sterban hauna nguvu nyingi. Una utulivu, na wengine wameuachia nafasi.

Kwa hiyo jaribuni hivi. Imbeni bila maiki, mmesimama karibu karibu kama watu wanaoota moto, kwa sauti ndogo kiasi kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kuliko anavyojisikia. Anayejisikia kuliko wengine apunguze. Mkiweza kushika ubeti mmoja hivyo bila kuyumba, ongezeni sauti kidogo kidogo. Kwa wengi, mchanganyiko huvunjika pale wanapofika nguvu ya kanisani, na hapo mtajua kwamba tatizo lilikuwa kiasi cha sauti tangu mwanzo. Simu iwe inarekodi ikiwa mbali, mlangoni. Ukiwa ndani ya duara huwezi kuhukumu.

Na baada ya hayo yote, kaeni mgawe. Chukueni wimbo mmoja, muandike mstari kwa mstari: huu ni wa nani, na kwa nini yeye? Wapi mko wawili tu? Wapi watatu wanaingia? Wapi besi anabaki peke yake? Kama kila mstari una jibu lile lile, "wote," bado hamjaanza. Siku mtakapogombana kidogo kuhusu nani apewe ubeti wa pili, mtakuwa mmeifikia kazi iliyofanya Fancy Free iitwe albamu ya wale wanne.

Kuna kipengele kimoja cha swali lako nisichotaka kukipita. Huko kuona kwamba mwanamuziki wa kweli lazima apige chombo chake na kutunga wimbo wake kuna tarehe yake. Mwaka ule ule wa 1981 tuzo ya CMA ya kundi bora la sauti ilikwenda kwa Alabama, bendi ya vijana walioimba huku wakipiga magita yao wenyewe, na waliichukua pia miaka miwili iliyofuata. Nashville ikaanza kutafuta bendi. Kwarteti zilizosimama mbele ya maiki mikono mitupu zikaonekana za kizamani. Mimi ni mpenzi wa Alabama pia, lakini ukiwapima kwa mchanganyiko wa sauti tu, ubeti kwa ubeti, hawawafikii hawa. Ukitaka kusikia ufundi huu ulivyorudi miaka mingi baadaye, watafute Little Big Town, wanawake wawili na wanaume wawili wasio na kiongozi wa kudumu. Anza na albamu yao ya Tornado ya mwaka 2012, uone wanavyokabidhiana beti. Itawafaa hasa mkija kuongeza akina dada.

Bonsall alistaafu Januari 2024 kwa sababu ya ugonjwa, kijana Ben James akachukua nafasi ya teno, na Julai mwaka huo Bonsall akafariki. Ukitafuta video zao, angalia tarehe kabla hujaanza kulinganisha.

Sasa bei. Rafiki yako anakosea. Albamu iliyouzwa kwa wingi kiasi hicho ipo kila mahali, na santuri hupanda bei kwa uchache wake, mara chache kwa umaarufu wake. Ya baba yako, ambayo bila shaka imechezwa sana, haitakupa fedha ya maana. Ingekuwa santuri yao ya Injili ya zamani, ya lebo ndogo, iliyo safi, hapo tungezungumza. Pekua vizuri lile rundo aliloacha uone kama kuna kitu cha namna hiyo. Hii ibaki nyumbani. Isimamishe wima, isilazwe chini ya nyingine, iwe mbali na dirisha lenye jua. Ioshe kwa kitambaa laini na maji yaliyotoneshwa (distilled water), ukifuata mviringo wa mifereji, na lebo ya katikati isiguswe na maji. Sindano ikiwa ni ile ile aliyoitumia mzee, ibadilishe kabla hujaicheza tena, maana iliyochakaa ndiyo inayokwangua, na kwenye Elvira itaanza kuharibu pale kwenye sauti kali za juu za Bonsall.